Nusu ya Kinu cha Mama

Mmeniuliza wote swali moja, tena kwa kucheka: fundi gani huyu anakwenda Ulaya kutengeneza fidla, anarudi na uta mtupu? Mwenzenu Samweli amevuka mpaka, anawaambia wateja wangu kwamba nimerudi na fimbo ya kuchungia mbuzi. Sawa. Kila mmoja wenu nimemsimulia kipande, na vipande vimeanza kugombana huko mtaani, kwa hiyo naandika yote mara moja nipumzike. Habari za jinsi nilivyopata nafasi, fomu na picha za pasipoti zinachosha hata mwenyewe, naziruka. Naanza na kinu.

Dodoma hadi Dar es Salaam

Ruth mnamkumbuka, yule mama wa Kiingereza mrefu aliyekuja miaka miwili iliyopita kutazama mazeze yetu. Alikaa karakanani kwangu siku tatu, hasemi, anatazama mikono tu. Kazi yake ni kutengeneza ala za muziki za zamani sana, za kabla fidla hii ya leo haijazaliwa. Alisema nikifika kwake London tutachonga fidla ya kale, ile ambayo mwili na shingo yake hutoka kwenye gogo moja. Unachimba ndani kama unavyochimba mzinga wa nyuki, kisha unafunika juu kwa ubao mwembamba na gundi. Inapigwa kwa uta, sawa na zeze. Sharti lake lilikuwa moja: nije na mti wa kwetu, mkavu, mzee kuliko yote niliyo nayo.

Mti mzee kuliko yote niliyokuwa nayo ulikuwa kinu cha mama.

Ni kinu cha mninga. Mama alipewa alipoolewa, akakitwangia hadi mwaka aliotutoka. Baada ya msiba tuligawana vyombo, na kinu kikaenda kwa binti mkubwa kama ilivyo desturi, yaani dada yangu Loyce. Lakini Loyce yuko London miaka mingi, anahudumia wazee majumbani mwao, na kuja kuzika hakuweza. Alisema kwa simu maneno mawili: "Kinu nitunzieni." Tukakitunza uani kwangu, maana yake tulikiacha juani. Kinu kisichotwangiwa hukauka kwa hasira. Mwaka jana kikapasuka kutoka mdomoni hadi kiunoni, na mimi nikamalizia kwa msumeno hadi miguuni.

Nilijiambia kinu kilichopasuka si kinu tena, ni kuni. Nilijiambia pia kwamba dada atafurahi akiona kilivyogeuka fidla. Kumwuliza sikumwuliza. Shikilieni hapo, maana safari yote imening'inia hapo.

Ila niwaambie nilichokiona nilipovitenga vile vipande viwili. Nilikaa chini kwenye maranda. Shimo la kutwangia, likikatwa katikati, ni tumbo la fidla. Kiuno cha kinu kinaponyooka kwenda chini, ni shingo. Mama alikuwa amechimba nusu ya kazi yangu miaka arobaini na zaidi, kila siku kidogo, hajui wala sijui. Nilipata baridi mwilini, na ilikuwa saa sita mchana.

Nikaifunga nusu moja kwenye kanga ya mama, nikapanda treni kwenda Dar. Mama mmoja aliyekaa kando yangu aliutazama mzigo mapajani mwangu mpaka Morogoro, kisha akashindwa kuvumilia.

"Baba, samahani, hicho ni nini?"

"Nusu ya kinu, mama."

"Na unakwenda nacho wapi?"

"London."

Akavuta mkoba wake upande wa dirisha. "Haya," akasema. "Wenzako husafiri kwa ungo, wewe umeamua kinu."

Behewa zima likacheka. Nikacheka nao, lakini nilipokwenda msalani na kurudi nilikuta amehama kiti.

Uwanja wa kubadilishia ndege

Hapa ndipo Kiingereza changu kiliponiponza. Kabla sijaondoka nilitafuta kwenye kamusi: kinu kwa Kiingereza ni nini? Nikapata *mortar*. Nikalikariri njia nzima. Kwa hiyo mashine ya kukagua mizigo ilipopiga kelele na kijana wa usalama akaniuliza ule mzigo ni kitu gani, nilikuwa tayari kama mwanafunzi aliyeona mtihani.

"It is half a mortar," nikamjibu. "The other half is at home."

Jamani, kumbe neno lile lile ndilo jina la mzinga wa kurushia makombora. Sikulijua hilo mpaka nilipokuwa nimekaa kwenye chumba kisicho na dirisha, nimezungukwa na watu wanne, na ndege yangu inaondoka bila mimi. Kila nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kuharibu. Waliniuliza mama yangu aliutumia kwa kazi gani. Nikasema kila siku, kwa ajili ya chakula cha familia. Waliniuliza alifundishwa na nani. Nikasema na bibi.

Akaingia mwanamke wa makamo mwenye nyota begani, nadhani ndiye aliyekuwa mkubwa wao. Hakuuliza kitu. Mimi nimeshakata tamaa na maneno, nikasimama, nikashika mchi usiokuwepo, nikatwanga hewa. Tu, tu, tu. Nikapembua. Nikapuliza pumba. Yule mama akaanza kucheka taratibu, mabega yakicheka kabla ya mdomo. Akaifunua kanga, akapiga ule mti kwa kifundo cha kidole, akainamisha kichwa kusikiliza. Kisha akaupiga tena. Akawaambia wenzake kitu kwa lugha yao, akaweka kiganja kifuani, na mimi nikaelewa neno moja tu, lile la mama, linalofanana katika lugha nyingi.

Nilisubiri ndege nyingine saa saba. Waliniletea wali na kondoo, na chai. Nilikula nikiwa nimeikumbatia nusu yangu, na kila aliyekuwa zamu alikuja kuigonga kidogo.

Thamesmead

Dada Loyce alinipokea kituo cha Abbey Wood, bado amevaa sare ya kazi, tukapanda basi hadi kwake Thamesmead.

"Shikamoo dada."

"Marahaba, Daudi. Mbona umekonda hivyo? Mkeo hakulishi?"

Nyumba yake iko ghorofa ya tatu. Chini ya dirisha kuna ziwa dogo na mabata, na majirani wa pande zote mbili ni Wanaijeria waliotusalimu kana kwamba walikuwa wakinisubiri mimi. Alikuwa amepika wali, kuku wa kukaanga na mchicha. Tulikula, tukacheka habari za yule mama wa kwenye treni. Alicheka mpaka akafuta macho, halafu akauliza, "Sasa huo mzigo wenyewe ulikuwa nini?"

"Ni surprise," nikasema, nikaufungua.

Aliiona kanga kwanza. Kisha akaona lile kovu jeusi karibu na mdomo wa kinu, la siku jiko la mkaa lilipoangukia pale tukiwa wadogo.

"Daudi. Nusu nyingine iko wapi?"

"Ipo nyumbani, dada."

"Kwa nini ni nusu?"

"Kilipasuka."

"Chenyewe?"

"Kidogo chenyewe."

"Na kidogo?"

"Msumeno."

Alifunika ule mti kwa kanga, taratibu, kama anamfunika mtu. "Mimi nilisema nitunzieni," akasema. "I said nitunzieni. Sikusema nikatieni." Akainuka. "Kesho nina long day. Chakula kiko kwenye fridge."

Siku kumi na tatu zilizofuata hatukuzungumza. Sisemi hakunitunza. Alinitunza kwa vikaratasi alivyobandika kwenye mlango wa jokofu: "Wali upo." "Vaa jacket, ni baridi." Na mlenda, ule mkavu niliompelekea mwenyewe kutoka nyumbani, aliupika bila karanga. Mnajua mlenda wa Mgogo bila karanga ni tusi. Mwanzoni nilidhani ni adhabu yangu. Kumbe hata mwenyewe hakuweza kuzila: karanga nilizomletea, kilo mbili, zilikaa juu ya kabati na fundo lake halijafunguliwa.

Hapo nikaelewa nilichokifanya. Nikishindwa kuifikisha fidla ile, basi nimeua kinu cha mama bure, na dada nimempoteza pamoja nacho.

Thamesmead hadi Kilburn

Karatasi ya Jumatatu ya kwanza ilisema: "Bus mpaka Abbey Wood. Elizabeth line mpaka Bond Street. Jubilee NORTHBOUND mpaka Kilburn. Kurudi ni SOUTHBOUND. Usimsalimie kila mtu."

Niliwasalimia wawili tu. Mmoja aliinuka akanipisha kiti, akidhani nimeomba.

Karakana ya Ruth iko nyuma ya duka la kutengeneza simu, barabara kuu ya Kilburn. Unapita kwenye kichochoro cha mapipa ya taka, unasukuma mlango wa mbao, na ghafla kelele za mtaa zinakatika. Ukuta mzima ni patasi na randa, nyingine zimelika mpaka zimebaki kama kidole. Ruth aliipokea nusu yangu kwa mikono miwili. Nikamwambia ni ya nini na ilikuwa ya nani. Ya dada nikayameza.

Aliingiza mkono kwenye shimo la kinu, akausugua. "Who carved this?" akauliza.

"My mother," nikasema. "With millet and groundnuts."

Neno hilo la karanga, jamani, alilisikia na nililisema mwenyewe, na hakuna hata mmoja wetu aliyelitilia maanani.

Nataka mjue namna anavyofanya kazi, maana mimi nimekuwa fundi miaka thelathini na nilijiona mwanafunzi. Hana rula. Hapimi kwa namba yoyote. Alichukua kijiti, akakiweka kwenye kiganja chake na kukitia alama tatu kwa kisu, na kwa kijiti hicho na bikari akachora fidla nzima: urefu wa shingo umo mara kadhaa ndani ya mwili, upana umo ndani ya urefu, kila kitu mtoto wa kitu kingine. Alisema watu wa kale walifanya hivyo, kila fundi na mkono wake. Akaniuliza mimi zeze langu napimaje. Nikamwambia shibiri mbili na wanda nne, kama nilivyofundishwa. Akaniambia nipime mchoro wake. Nikaweka shibiri ya kwanza, nikaweka ya pili, nikahesabu vidole. Shibiri mbili na wanda nne.

Watu hawa, wa kale wa kwao na wazee wa kwetu, hawajawahi kuonana, bahari na karne zimekaa katikati yao, na wamefika mahali pamoja kwa mikono. Sijui niwaelezeje. Nilitaka kuvua viatu.

Tulichimba wiki nzima na siku tatu. Kuta za kinu zilikuwa nene kama mkono wangu, tukazipunguza kwa patasi yenye mdomo wa duara mpaka zikabaki nyembamba kama ganda la kibuyu. Upande wa mdomo wa kinu, palipokuwa wazi, tuliziba kwa kipande cha mninga ule ule. Ruth alinizuia kupiga sandpepa ndani. Alama za mchi, yale mabonde madogo aliyoyaacha mama, tuliyaacha chini kabisa ya tumbo. Kwa ajili ya kifuniko alinipa ubao wa mti mweupe wa nchi za baridi, jamii ya msonobari, nikauranda hadi nilipouinua dirishani nikaona kivuli cha vidole vyangu upande wa pili. Ukiugonga unajibu. Siku ya kwanza ulijibu kama mlango, siku ya nne ulijibu kama ngoma ndogo iliyoko nyumba ya jirani.

Alhamisi ya wiki ya pili tukapasha gundi. Ni gundi ya ngozi ya ng'ombe, inanuka kabisa supu ya makongoro, nikamwambia Ruth kwetu hii tungeweka ndimu na pilipili. Tukabandika kile kipande cha mdomoni, tukabandika kifuniko, tukakaza kwa vibanio ishirini na mbili, tukaenda nyumbani.

Ijumaa asubuhi tukafungua vibanio. Kifuniko kikainuka chenyewe, kizima, kisafi, kama kifuniko cha sufuria. Gundi yote imebaki upande wake. Upande wa kinu haukushika hata tone.

Ruth akapitisha kidole kwenye ukingo, akakinusa. Akanipa ninuse. Karanga.

Miaka arobaini ya karanga. Mafuta yamezama ndani ya mti mpaka kiunoni, na tulivyopunguza kuta ndivyo tulivyoyasogelea. Fundi yeyote wa huko asingefanya kosa hilo, maana hana kinu. Na mwanamke yeyote wa kwetu angeniambia kabla sijatoa msumeno, kama ningeuliza mwanamke yeyote. Nilikuwa na mmoja wa kumwuliza, tena ndiye mwenye kinu.

Zilikuwa zimebaki siku sita niondoke. Ruth alifuta ukingo kwa dawa zake zote, mafuta yakarudi. Akasema labda tumeshindwa, na alilisema kwa huruma, jambo lililonichoma zaidi.

Kilburn hadi Kingsbury, bila kukusudia

Nilitoka pale na fidla isiyo na uso kwenye mfuko, sioni mbele. Northbound, southbound, vyote vilikuwa kitu kimoja. Niliposhtuka, treni bado iko juu ya ardhi na nje kuna uwanja mkubwa wa mpira wenye tao jeupe angani, kitu ambacho sijawahi kukipita. Nikashuka kituo kilichofuata. Kingsbury.

Mvua ilikuwa inanyesha. Nikatembea barabarani nikiangalia maduka: mchele kwa magunia, dengu za kila rangi, vitambaa, vyungu vya chuma. Nikajikinga mbele ya duka moja, na hapo nikajitukana kwa sauti, kwa Kiswahili, maneno ambayo siwezi kuyaandika.

"Mdomo huo!" sauti ikasema nyuma yangu. "Umefundishwa wapi?"

Nikageuka. Bibi wa Kihindi, mfupi, sweta juu ya sari, amekaa kwenye kigoda karibu na mizani.

"Shikamoo mama," nikasema. Ndilo pekee lililokuja.

"Marahaba. Ingia, unalowesha magunia yangu. Wa wapi wewe?"

"Dodoma."

Akaweka miwani vizuri. "Dodoma mimi nimezaliwa. Duka la baba lilikuwa karibu na stesheni. Vumbi bado lipo?"

"Lipo, mama."

"Basi hakuna kilichobadilika. Kaa."

Jina lake Mama Hansa. Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko changu, cha zamani, kimekunjwa vizuri kama nguo ya sanduku. Alinipa chai ya tangawizi na kachori mbili, nikamsimulia yote, hata yale ya dada niliyomficha Ruth. Nilipofika kwenye karanga akanyanyua mkono.

"Ngoja. Baba yangu alikuwa ananunua karanga kwa gunia. Mafuta kwenye kaunta, mafuta kwenye nguo, mama kila siku analia na mafuta. Unajua alifanya nini?" Akainuka, akavuta pakiti kutoka rafu ya vipodozi, akaniwekea mkononi. Ilikuwa na picha ya msichana aliyejipaka tope usoni. "Udongo huu. Wasichana wanapaka, unanyonya mafuta ya uso. Changanya na maji kidogo, paka, weka karatasi, piga pasi ya moto. Futa. Rudia mpaka udongo ubaki mkavu. Lakini rudia, usiwe na haraka kama ulivyokuwa na haraka ya msumeno."

Nilichukua pakiti kumi. Aliniagiza nikifika nyumbani nisimame stesheni nimsalimie marehemu baba yake. Nimefanya hivyo, Samweli alikuwepo, sasa anajua nilikuwa naongea na nani.

Jumapili, Thamesmead

Jumapili dada alikwenda kanisani. Nikatandika taulo juu ya meza ya jikoni, nikaipaka fidla ule udongo ukingoni na ndani ya tumbo, nikaweka karatasi ya kahawia, nikawasha pasi.

Mara ya kwanza karatasi ilitoka na doa kubwa la njano. Mara ya pili vivyo hivyo. Na joto lilivyozidi kuingia kwenye mti, harufu ikatoka. Si harufu ya mafuta mabovu, hapana. Ni karanga zilizokaangwa sasa hivi, zimemenywa, ziko kinuni, mchi umeshapita mara tano au sita. Ilijaza jiko, ikatoka hadi kwenye ujia. Mikono yangu ilisimama yenyewe. Nilikuwa nyumbani, nina miaka saba, na mgongo wa mama uko mbele yangu.

Sikusikia mlango. Niliona tu dada amesimama pale na nguo za kanisani, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi.

"Nani anatwanga karanga?" akauliza.

Nikamwonyesha.

Alikuja hadi mezani. Akainama, uso wake karibu uguse ule mti, akavuta pumzi. Akavuta tena. Kisha akaanza kulia, kilio kile cha msibani, cha sauti, ambacho hakuwa na mahali pa kukililia. Jirani alibisha mlango kuuliza kama ni salama, nikamwambia ni mama yetu, akaelewa, akaingia akamshika mkono mpaka alipotulia.

"Nilikuwa kazini," dada akaniambia jirani alipoondoka. "Mazishi mlinionyesha kwa simu. Nimesimama kwenye ngazi za mteja wangu, na sare, natazama. Mlipoanza kumshusha, picha ikaganda. It just froze, Daudi. Iliporudi mnamwaga udongo. Mimi sikumwona akiingia. Miaka mitatu hii nasubiri mtu anipigie aniambie haikuwa kweli."

Nikamwambia nisamehe dada. Niliomba msamaha wa kinu, na wa simu, na wa kumwacha kwenye zile ngazi peke yake. Nililia pia, kwa nini niwafiche.

Akafuta uso kwa kiganja, akatazama kazi yangu. "Lete hiyo pasi," akasema. "Unaunguza karatasi. Sare zangu nazipiga mwenyewe, mimi najua pasi."

Tulirudia mara kumi na tisa. Yeye pasi, mimi udongo. Karatasi za mwisho zilitoka nyeupe. Ule udongo uliokwisha kunyonya hakukubali niutupe, akaukwangua wote akautia kwenye kopo la jemu lenye kifuniko. Halafu akapanda kiti, akashusha zile karanga juu ya kabati, akafungua fundo. Hana kinu, alizisaga kwa chupa ya soda juu ya ubao wa kukatia nyama. Mlenda wa jioni ile ulikuwa na karanga.

Kilburn, mara ya mwisho

Jumatatu gundi ikashika. Ruth alijaribu kukiinua kifuniko kwa kucha, akaniambia sasa hata yeye hawezi. Jumanne tukachonga vigingi, na uta wa mti mgumu wenye nywele za mkia wa farasi. Jumatano tukafunga nyuzi za utumbo wa kondoo, na dada akaomba ruhusa kazini akaja nami. Njia nzima aliwasalimia watu.

Ruth alitaka mimi nipige kwanza. Nikaiegemeza kifuani kama zeze, nikavuta uta.

Nimetengeneza mazeze zaidi ya ninayoweza kuyahesabu na sijawahi kusikia kitu kile. Sauti ilikuwa nzito, ina mkwaruzo kidogo, inatoka chini kabisa, na ilikaa chumbani hata baada ya uta kuondoka. Patasi za ukutani zilitetemeka. Ruth alikaa kwenye benchi, mikono mapajani, haongei. Ndivyo alivyokaa kwangu siku zile tatu, na mimi nilidhani hajafurahishwa.

Dada hakujua kupiga. Aliichukua, akaigeuza, akaweka sikio mgongoni pake, akagonga kwa vifundo vya vidole. Tu, tu, tu. Mwendo wa mama, na kile kituo kidogo cha kupumua kila baada ya tatu. Nyuzi zikaitikia zenyewe ndani.

Kurudi

Kwa hiyo sasa mjue fidla iliko. Uwanja wa ndege, kabla ya kuingia ndani, nilimwambia dada, "Ni yako. Ilikuwa yako tangu mwanzo." Nilidhani atakataa kidogo, kama watu wenye adabu wanavyokataa. Hakukataa hata nusu. Aliikumbatia palepale na kanga yake.

"Uta chukua wewe," akasema. "Huo haukutoka kwenye kinu."

"Sasa dada, utaipigaje bila uta?"

"Na wewe utapiga nini bila fidla?" Akanisukuma mgongoni. "Nenda, utachelewa. Na wakikuuliza umebeba nini, waambie fimbo."

Ndiyo hiyo fimbo ya mbuzi, Samweli. Inaning'inia juu ya meza yangu na atakayeigusa tutakosana.

Ile nusu nyingine ya kinu nimeiingiza ndani, iko kivulini. Ina tumbo na shingo kama mwenzake, na mikono inaniwasha kila nikipita. Juzi nilimpigia dada nikafanya jambo ambalo nilipaswa kulifanya mwaka jana: nikamwomba.

"Niulize Desemba nikija," akasema. "Niulize nikiwa nimekaa mbele yake."